Waya Uliosoma Sifuri

Taa ya stoo ilichelewa kuwaka. Kalisti alibonyeza swichi, akasikia mlio wake wa kila siku, na balbu ikabaki imelala kwa muda wa mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Kisha ikawaka vizuri kabisa. Mtu mwingine asingeliona jambo hilo, lakini Kalisti alikuwa fundi umeme, na fundi umeme anajua kwamba umeme hauna uvivu. Ama upo, ama haupo.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa Mei mwaka 1981, pale Kagongwa, na ndiyo siku ya kwanza mashine ya kukoboa mpunga ya Bwana Vinod kuwashwa tangu Esta afe. Esta alikuwa mke wa Kalisti. Alikuwa akipepeta chenga mle mashineni pamoja na wanawake wengine, na mle mle ndimo alimofia, siku ya mvua, miguu peku kwenye sakafu iliyoloa, mkono mmoja ukiwa kwenye mdomo wa mashine ambako mchele unatokea. Arobaini ilikuwa imepita. Mpunga wa watu ulikuwa umejazana mpaka barazani, na wenye mpunga walikuwa wamechoka kutoa pole.

Balbu ilipowaka, harufu ikaja. Mafuta ya nazi na vumbi la pumba. Ilikuwa harufu ya kichwa cha Esta jioni, akitoka kazini. Kalisti akasimama palepale, kidole bado kiko kwenye swichi. Nje jenereta iliunguruma, mota ilizunguka, mkanda ulipigapiga, na chini ya kelele zote hizo palikuwa na mtu anayeimba huku amefumba mdomo.

Alizima kila kitu akatoka nje. Wanawake waliokuwa wakingoja na nyungo zao aliwaambia mkanda umelegea.

Hapa inatubidi tumseme Kalisti kidogo, ingawa si mtu wa kusemwa vibaya. Alikuwa fundi hodari. Kazi alijifunzia mjini Shinyanga, ambako umeme ulikuja kwenye nguzo kwa nyaya nne. Tatu zilikuwa za moto, ambazo mafundi huziita fezi, na ya nne ilikuwa nyutro, ile iliyoshikana na ardhi kiasi kwamba ukiipima na ardhi mita haisemi kitu. Ukipima fezi yoyote na nyutro unapata volti mia mbili thelathini. Ukipima fezi kwa fezi unapata mia nne. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na kwa miaka kumi na miwili hakukutana na umeme wa tabia nyingine. Nani angemlaumu kwa kudhani kwamba duniani kote ni hivyohivyo?

Jenereta ya Vinod ilitoka upande wa Geita, kwenye mgodi wa dhahabu uliofungwa zamani, ilikokuwa imelala bandani miaka kumi na mitano pamoja na popo. Ililetwa na lori mwezi wa Februari, mvua ikinyesha, na nyaya zake zilikuwa tatu. Kalisti alizilaza kwenye mtaro wa udongo kutoka kwenye kibanda cha jenereta hadi mashineni, akaiwasha, akachomeka ncha moja ya mita ardhini. Ncha ya pili akaigusisha waya wa kwanza. Mia mbili thelathini. Waya wa pili, mia mbili thelathini. Waya wa tatu, sindano haikutikisika. Sifuri. Akacheka. Akasema wazungu wa mgodini walikuwa wachoyo, wametoa fezi mbili na nyutro moja, na ya nne wamekwenda nayo kwao.

Vinod alikuwa mtu mwembamba, mwingi wa wasiwasi, aliyeachiwa mashine ile na baba yake, mzee Lalji. Alimwuliza kama amepima vizuri. Kalisti alimjibu kwamba fundi anayepima mara mbili ni yule asiyejiamini.

Basi ule waya wa sifuri akauita nyutro. Akaufunga kwenye bodi ya mashine, yaani gamba lake la chuma, kwenye bodi ya mota, na kwenye kila chuma ambacho mkono wa mtu ungeweza kukigusa, ili chuma chote nacho kisome sifuri. Ndivyo mafundi wengi walivyofanya siku zile. Kanuni inataka pia fimbo ya shaba izikwe ardhini, lakini mwaka ule hata sabuni ilikuwa ya foleni, shaba utaitoa wapi? Kalisti akaona nyutro inatosha. Mota ikazunguka, na mota ikishazunguka fundi hana maswali.

Mwezi mmoja baadaye Esta akafa. Watu walipokuwa wakimfunika khanga, Kalisti alichukua mita akapima tena. Waya wa tatu, ule aliouita nyutro, ulisoma mia mbili thelathini. Waya wa pili, uliokuwa wa moto, ukasoma sifuri. Sifuri ilikuwa imehama.

Alikaa chini kwenye magunia. Mtu mmoja nyuma yake, hata leo hajui ni nani, akasema kwamba mashine za migodini haziji peke yake, zinakuja na majini wao. Na Kalisti, Mungu amsamehe, aliposikia neno lile moyo wake ulipata pa kukaa. Hakuliachia tena. Askari aliandika ajali. Katekista hakutaka kusikia habari za majini, lakini Kagongwa nzima ikawa ndiyo hivyo, Esta kachukuliwa na jini wa mgodini. Paskazia, binti yao wa pekee, mtoto wa miaka kumi na mmoja, aliambiwa hivyo makaburini na baba yake mwenyewe.

Sasa mashine iliporudi kazini, Kalisti akaanza desturi mpya. Kila asubuhi alizipima nyaya tatu, moja moja, na ardhi. Ule uliosoma sifuri, ndipo jini alipokaa siku hiyo. Alifungua bodi za mashine kutoka kwenye waya wa jana akazifunga kwenye waya wa leo. Siku tatu jini alikaa waya wa pili. Kisha akaenda wa kwanza. Akarudi wa pili. Kalisti alimfuata na bisibisi yake, jasho linamtoka, akijiambia kwamba mradi anajua alipo, hakuna atakayekufa. Wanawake wa chenga walimwona shujaa.

Harufu haikuondoka. Ule wimbo nao ulizidi kuwa wazi, na siku moja wanawake waliacha kupepeta wote kwa pamoja, ungo mikononi, wakatazamana. Kesho yake walikuja watatu badala ya wanane.

Kisha Paskazia akaanza kuchelewa kurudi kutoka shule.

Jumapili moja, mashine imefungwa na funguo ziko mfukoni mwa baba yake, mtoto alirudi nyumbani akakaa kula ugali, na Kalisti akaona vidole vyake. Pumba zilikuwa zimejaa chini ya kucha, mbichi, za siku hiyohiyo. Alimshika mkono amwulize, ukamrusha. Ilikuwa shoti ndogo tu, kama mtu anapogusa redio mbovu, lakini ilitoka kwenye mkono wa mwanawe.

"Ulikuwa wapi, Paskazia?"

"Kwa mama." Alisema kwa sauti ya chini, bila hofu, akimega tonge. "Ananiita nimtoe pumba nyweleni. Anasema mikono yake haifiki."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mtoto kila jioni, mama yake akiwa hai. Esta alikaa kwenye kigoda, Paskazia akasimama nyuma yake na kuchambua pumba moja moja, wakisengenya walimu. Kalisti alikuwa akiwasikiliza kutoka uani na kujifanya anatengeneza pasi. Aliweka tonge lake chini. Alikuwa amebakiwa na mtu mmoja duniani, na mtu huyo sasa alikuwa akiitwa.

Alimkataza, na mtoto akaitikia vizuri, kesho yake akaenda. Alibadilisha kufuli, akamkuta ndani, sikio limelazwa kwenye bodi ya mashine iliyozimwa, macho yamefumbwa, nywele za mikono zimesimama zote. Alikuwa amekonda mpaka kola ya sare inamzunguka shingo. Kila alipomvuta kutoka pale alilia kilio cha mtoto mchanga anayeachishwa ziwa, naye Kalisti alilia pia, maana alipomtoa alikuwa akisikia mwenyewe, ndani ya chuma, sauti ya mkewe ikimbembeleza mtoto.

Bibi Mageni, mama yake Esta, alisikia habari hizo huko Mhunze, upande wa Kishapu. Hakuandika barua. Alikuja kwa lori la pamba, na hakuja peke yake. Alikuja na nfumu, mganga, mwanamke wa makamo aitwaye Nyamizi, aliyevaa koti la kiume na kunusa ugoro bila kuomba radhi. Zamani, alipokuwa msichana, Nyamizi aliuza uji kwenye migodi ya Geita.

"Mwangaluka, baba," alimsalimu Kalisti kwa Kisukuma, akiwa bado anajipangusa vumbi la safari. Kisha akamtazama Paskazia muda mrefu, akamgusa utosi kwa kidole kimoja na kukiondoa haraka. Aliuliza jenereta ilikotoka. Alipoambiwa, alitikisa kichwa polepole.

Alimweleza Kalisti pembeni, Bibi Mageni akisikiliza. Kule chini ya mwamba, alisema, walikuwapo majini wa aina moja ambao hawaui mtu. Hawana nguvu hiyo. Wanangoja mtu afe kwa kosa la mwenzake, na kosa lile lifunikwe kwa uongo, azikwe nalo. Maiti wa namna hiyo sauti yake haina mwenyewe, basi jini anaichukua na kuivaa. Na akishaivaa hutafuta yule anayeuamini ule uongo kwa moyo wote, kwa sababu huyo ndiye mlango.

"Hapa pana uongo," Nyamizi alisema. "Mimi siujui. Mwenye nao anaujua."

Kalisti alisema hakuna uongo. Na kwa kweli, wakati ule, alikuwa hajui. Au alijua kwa namna ile mtu anavyojua kwamba mlango wa uani haukufungwa, lakini kitandani pana joto.

Nyamizi hakutaka kungoja giza. Alisema jini wa mashine haitwi mashine ikiwa imelala, na mashine inafanya kazi mchana. Basi ikawa saa sita, jua la utosi, Vinod amefunga lango na kuwarudisha watu kwao. Yeye mwenyewe alisimama mlangoni mwa banda la mashine akishika ubani uliokuwa ukiwaka. Paskazia alikalishwa barazani, kichwa kwenye mapaja ya bibi yake. Jenereta ikawashwa.

Nyamizi alizunguka mashine mara moja, akanyunyiza unga wa mtama, akaweka sikio. Kisha akauliza swali la ajabu. Aliwauliza habari za zile nyaya tatu kama anayeuliza habari za ndugu wa boma moja. Wanaishije? Kalisti akamweleza kwamba anazipima kila asubuhi, kila mmoja na ardhi, na mmoja wao hukutwa na sifuri.

"Kila mmoja na ardhi," Nyamizi alirudia. "Nikienda kwenye boma lenye ugomvi siwaulizi majirani. Nawauliza ndugu wao kwa wao. Hawa umewapima wao kwa wao?"

Hakuwa amewapima. Tangu jenereta ishuke kwenye lori hadi siku ile, hakuwa amewapima.

Alichukua mita. Ncha moja aliiweka kwenye waya wa kwanza, ya pili kwenye waya wa pili, na sindano ikapanda ikasimama kwenye mia mbili thelathini, naye akajua kabla hajaendelea. Kama wa tatu ungekuwa nyutro, na hizi mbili ndizo fezi zake, zingepimana mia nne. Wa pili na wa tatu, mia mbili thelathini. Wa tatu na wa kwanza, mia mbili thelathini. Zote tatu zilikuwa za moto, sawa kwa sawa, na nyutro haikuwepo wala haikuwahi kuwepo. Mwalimu wake wa Shinyanga aliwahi kuichora ubaoni, siku moja tu. Ilikuwa pembetatu isiyo na kitu katikati. Akawaambia hii inaitwa delta, huku hamtaikuta, akaifuta kwa kiganja.

Yote yakamjia kwa mpigo. Udongo uliolowa kwenye mtaro wake ulikuwa umeingia kwenye mpasuko wa mpira mkongwe wa waya wa tatu, ukaushikanisha na ardhi, basi ukasoma sifuri na yeye akaudhani mpole. Mtaro ulipokauka upande huo na maji kuingia kwenye waya mwingine, sifuri ikahamia huko, na waya aliouita nyutro ukasimama juu na umeme wake wote, umefungwa na mikono yake mwenyewe kwenye kila chuma ambacho mkewe alikishika kila siku. Mara moja tu. Kama angegusisha zile ncha mbili, waya kwa waya, mara moja tu mwezi wa Februari, kazi ya kupiga chafya mbili, Esta angekuwa barazani pale na ungo wake.

"Wanasemaje?" Nyamizi aliuliza.

Kalisti aligeuka. Alimwona Paskazia kule barazani, macho makubwa kwenye uso uliokonda, akimtazama baba yake. Katika dunia nzima macho yale ndiyo pekee yaliyokuwa bado yanamtazama kwa namna ile.

"Wako sawa," alisema. "Hakuna kitu."

Nyamizi alirudi nyuma hatua tatu, haraka, na ugoro ukamwagika.

Kwanza ilikuja harufu, lakini sasa haikuwa mafuta ya nazi peke yake, ilikuwa na nywele zinazoungua ndani yake. Kisha wimbo ukapanda kutoka chini ya kelele za mota, ukazifunika, na maneno yakasikika, laini, yenye upendo, Paskazia, mama, njoo unitoe pumba, jioni hii, na mchana ukiwa wa jua kali vile taa ya stoo ikafifia na banda lote likaingia rangi ya jioni. Na mtoto akanyanyuka kutoka mapajani mwa bibi yake, ambaye alimshika kwa mikono miwili akatupwa pembeni na kitu kisichoonekana, mtoto akaja anatembea, miguu peku, mikono ameinyoosha mbele, huku Vinod akikimbilia jenereta na kuizima, jenereta ikakata, ikanyamaza kabisa, kila mtu akasikia ilivyonyamaza, lakini mkanda haukusimama, mkanda uliendelea kuzunguka bila mota kunguruma, bila sauti yoyote, na kwenye mita aliyokuwa ameishika Kalisti, ncha zake zikining'inia hewani bila kugusa waya wala ardhi, sindano ikaanza kupanda peke yake, hamsini, mia, mia na hamsini, na Paskazia akaweka viganja vyote viwili kwenye mdomo wa mashine, palepale, akatabasamu.

Mgongo wake ulikakamaa. Tabasamu likabaki.

Kalisti alimrukia akatupwa. Aliinuka akarudi akatupwa tena, bega likagonga ukuta. Nyamizi alikuwa akiita majina ya mizimu yake kwa Kisukuma, sauti imekauka, kisha akaacha kuwaita. Alimsogelea Kalisti sikioni akanong'ona.

"Mimi siwezi kumtoa. Amekaa kwenye neno lako. Mwambie mtoto."

"Atanichukia."

"Ndiyo," Nyamizi alisema. "Mwambie."

Alipiga magoti nyuma ya mwanawe, karibu kadiri alivyoweza kufika. Hakuweza kumwona uso, aliona kisogo tu na kola iliyompwaya.

"Paskazia. Mama yako hakuchukuliwa na jini. Nilimuua mimi. Nilifunga waya wenye moto kwenye mashine nikidhani hauna kitu. Ningepima ningejua, na sikupima. Nilijivuna. Halafu mama yako alipokufa nikakwambia ni jini, kwa sababu niliogopa utanitazama vibaya. Sasa hivi nimepima, nimejua, na nimedanganya tena. Ni mimi, mwanangu. Ni baba yako."

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Haukufifia wala kuondoka polepole, ulikatika. Mkanda ukazunguka mara mbili kwa uzito wake ukasimama, sindano ikaanguka, na mwanga wa saa sita ukarudi bandani, mweupe, pamoja na vumbi lake. Paskazia alianguka chali mikononi mwa baba yake. Alikuwa na joto la mtu wa kawaida. Mkono wake haukumrusha.

Kalisti alimkumbatia akavuta pumzi kwa nguvu, akitafuta harufu ya Esta kwenye nywele zake, hata kidogo. Palikuwa na harufu ya dizeli tu, na ubani wa Vinod. Hapo ndipo alipoelewa kwamba alikuwa amemfukuza Esta pamoja na ile sauti, na kwamba kwa siku zote zile za hofu, kila asubuhi alipoingia mashineni, sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa ikienda kumwona mkewe.

Mtoto alifumbua macho. Alimtazama baba yake, akaitazama mashine. Kisha akajitoa mikononi mwake, taratibu, bila kumsukuma, akaenda akakaa kwa bibi yake.

Nyamizi aliondoka siku ileile. Alikataa kuchukua chochote, akasema yeye hakufanya kazi. Kwa ile fimbo iliyokosekana, Vinod alitoa mtungi wa shaba wa marehemu mama yake, Gangaben, ambao familia ilikuwa ikiwekea maji ya kunywa tangu enzi za mzee Lalji. Kalisti aliupondaponda kwa nyundo ukawa bamba, akalizika ardhini kwenye shimo la urefu wa mtu, akafunga bodi zote za mashine kwenye bamba hilo na si kwenye waya wowote. Nyaya alizitoa mtaroni akazipitisha juu kwenye nguzo. Akapima kila moja na ardhi, kisha zote zenyewe kwa zenyewe, akaandika hesabu zake kwa chaki ukutani ili fundi yeyote atakayekuja azione. Mikono ilifanya kazi hiyo vizuri sana. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya maishani, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Siku tatu Paskazia hakumsemesha baba yake. Alikula. Rangi ilirudi mashavuni. Usiku alilala bila kuweweseka, ubavuni mwa bibi yake. Kalisti alimwekea maziwa, akamnolea penseli, akamtengenezea kiatu kilichoachia soli. Mtoto alivipokea vyote kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa, na hakuinua macho. Bibi Mageni hakumlaumu mkwewe hata kwa neno moja. Jioni ya siku ya tatu alimwambia tu kwamba kuna lori linaondoka asubuhi, na mtoto ameomba.

Kalisti aliuliza ameomba nini, ingawa alikuwa ameshaelewa.

Asubuhi aliwabebea mizigo mpaka stendi. Ilikuwa midogo, kikapu kimoja na sanduku la bati la shule. Alipanda juu ya lori akaipanga mwenyewe, akaifunga kwa kamba, akajaribu fundo mara mbili. Aliposhuka, Bibi Mageni alikuwa amekwisha kaa mbele kwa dereva, na Paskazia amesimama kwenye ngazi ya mlango, mguu mmoja juu. Alikuwa mtoto mwenye adabu. Esta alimlea hivyo, haondoki mahali bila kumwamkia mkubwa, hata kama ni mtu baki.

Aligeuka, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, fundi," alisema.

Dereva alikuwa akingoja. Kalisti alifungua mdomo, akasikia sauti yake mwenyewe ikiitikia marahaba, na mlango ukafungwa.